Stakabadhi ya Zege

Mkulima wa korosho wa Ruangwa au Nachingwea anapofikisha magunia yake kwenye ghala la chama cha msingi haondoki mikono mitupu. Mzigo unapimwa, kilo zinaandikwa, tarehe inaandikwa, naye anakabidhiwa karatasi. Fedha bado hazijaja na pengine zitachelewa, kwa sababu mnada haujaitishwa au mnunuzi hajaingiza malipo. Lakini hakuna atakayethubutu kumwambia kwamba hakuleta kitu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioingia kwenye korosho za kusini mwaka 2007, una lawama zake, na wakulima walio chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wanazijua zote. Hata hivyo umewazoesha watu wa wilaya hizi jambo moja kubwa: mali ikishatoka mikononi mwako, kinachobaki kukutetea ni karatasi. Sasa mtazame mwenye tipa aliyemwaga tripu 40 za mchanga kwenye kituo cha afya kinachojengwa, au fundi aliyefunga nondo za kalavati zima kabla zege halijamiminwa. Kazi imeonekana, imefunikwa, imesahaulika. Alichoondoka nacho ni maneno: "Hela ikitoka tutaongea." Mtu huyohuyo hawezi kumwachia mtu gunia moja la ufuta kwa maneno ya namna hiyo.

Makala haya ni kwa ajili ya makandarasi wadogo wa wilaya hizi mbili, na zaidi kwa wale walio chini yao: wenye mitambo, wauza kokoto, mafundi wanaochukua kipande cha kazi kutoka kwa mkandarasi mkuu. Hoja yangu ni kwamba kanuni za malipo kwa wakati zipo, na nyingine ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani, ila zote zinahesabu siku kuanzia kwenye karatasi. Hazianzi kuhesabu siku kazi ilipokwisha, wala siku mhandisi alipopita na kusifia. Asiyeifikisha karatasi hiyo mezani, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, hajaanza kucheleweshewa malipo, hata kama anadai mwaka wa pili.

Kwanza tukubaliane kuhusu ukubwa wa jambo. Tangu wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, uanze mwaka 2017 na ule wa maji vijijini, RUWASA, mwaka 2019, kazi za umma zinazofika hadi vijijini zimekuwa nyingi: vivuko na makalavati, visima na mitandao ya mabomba, madarasa na zahanati za halmashauri. Juu yake kuna kazi kubwa, kama barabara ya lami ya Nanganga hadi Ruangwa. Kanuni za Ununuzi wa Umma za mwaka 2024 zimewatengea makandarasi wa Kitanzania kazi zisizozidi shilingi bilioni 50, kutoka ukomo wa zamani wa bilioni 10. Ni habari njema, lakini kadiri kazi zinavyoingia mikononi mwa wazawa wenye mitaji midogo, ndivyo ucheleweshaji unavyouma zaidi. Kampuni kubwa ya kigeni inaweza kubeba deni la Serikali kwa miezi sita na ikaendelea kulipa mishahara. Mkandarasi wa daraja la saba hana bega la kubebea. Anachofanya ni kulisukuma deni chini: kwa mwenye tipa, kwa duka la vifaa, kwa vibarua, kwa mama lishe anayewapikia vibarua. Wilaya hizi ziliona sura ya jambo hilo Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na uhakiki wa wakulima ukachukua miezi. Fedha za mlipaji mmoja mkubwa zinapokwama, hakuna anayebaki pembeni, awe na shamba au asiwe nalo.

Tuingie kwenye mkataba wenyewe, maana huko ndiko wengi hawafiki. Mikataba mingi ya kazi ndogo na za kati inayotumiwa na taasisi za umma hapa nchini imejengwa juu ya nyaraka sanifu za mamlaka ya udhibiti wa ununuzi wa umma, PPRA. Utaratibu wake wa kawaida ni huu: mkandarasi anawasilisha madai ya kazi aliyokwisha kufanya, meneja wa mradi anayakagua na kutoa hati ya malipo, na mwajiri anatakiwa kulipa ndani ya siku 28 tangu tarehe ya hati hiyo. Akichelewa, anadaiwa riba kwa kiwango cha mikopo ya kibiashara kinachotumika. Zikifika siku 84 tangu tarehe ya hati bila malipo, ucheleweshaji huo unahesabiwa kuwa uvunjaji wa msingi wa mkataba. Katika kazi kubwa zinazotumia masharti ya FIDIC ya mwaka 1999, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati tangu apokee madai, na mwajiri anatakiwa awe amelipa ndani ya siku 56 tangu madai hayo yapokelewe. Zisipofuatwa, mkandarasi anaweza kutoa notisi ya siku 21 kisha akapunguza kasi au akasimamisha kazi. Mkataba wako unaweza kuwa na namba tofauti, na hiyo ya kwako ndiyo inayotawala. Itafute leo kwenye masharti maalumu ya mkataba, uipigie mstari.

Ukisoma kwa makini utaona tundu. Katika mkataba mdogo siku 28 zinaanza kwenye hati, na hati inatolewa na mtu wa upande wa mlipaji. Mhandisi wa wilaya asipotoa hati, saa haitembei, na hakuna anayeweza kusema amechelewa. Mara nyingi si ubaya wa mtu. Mhandisi mmoja anasimamia miradi mingi iliyotawanyika, gari ni moja, na njia ya kwenda kwenye mradi wenyewe ni vumbi au tope kutegemea mwezi. Lakini sababu iwe yoyote, kazi ya mkandarasi ni kumfanya mhandisi akose kisingizio cha kutotoa hati. Usingoje kazi ifike asilimia mia ndipo udai. Dai kila mwezi kama mkataba unavyoruhusu, hata kama kiasi ni kidogo. Pima pamoja na msimamizi wa kazi mkiwa saiti, karatasi ya vipimo isainiwe siku hiyohiyo na wote wawili, juu ya boneti la gari ikibidi. Kitakachofunikwa kipigwe picha kabla hakijafunikwa: msingi, nondo, bomba mtaroni. Madai yafuate mpangilio uleule wa jedwali la kazi na bei, lile ambalo kila fundi analiita BOQ, ili anayekagua asilazimike kutafuta. Ambatisha kila kinachotakiwa na mwajiri wako, pamoja na risiti ya EFD kwa hatua inayohitajika. Madai yakirudishwa kwa sababu ya kiambatisho kimoja kilichokosekana, hesabu inaanza upya, na wiki ulizopoteza ni zako.

Halafu barua. Barua ya kuwasilisha madai iwe na nakala mbili, na yako irudi na muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini ya masijala. Kama mkataba unaendeshwa kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, au barua pepe, weka humo pia, ila muhuri wa masijala usiuache. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja kinachowatofautisha makandarasi wanaolipwa na wanaolalamika, nitakutajia muhuri huo kabla ya kukutajia undugu na mtu yeyote. Naujua msemo kwamba mambo ya malipo ni kujuana. Kujuana kunasaidia faili lionekane. Hakusaidii faili ambalo halipo.

Thamani ya siku ihesabiwe pia, maana wengi hawaijui na ndiyo sababu wanaisamehe bila kujua wanasamehe nini. Tuseme hati yako ni ya shilingi milioni 60, na riba ya mkopo wa biashara ni asilimia 16 kwa mwaka. Kila siku inayopita baada ya siku ya 28 inagharimu takriban shilingi 26,300. Siku 90 za kuchelewa ni zaidi ya milioni 2.3. Kwa faida nyembamba za kazi ndogo, hiyo inaweza kuwa ndiyo faida yenyewe. Na kama ulikopa benki ununue saruji na nondo, fedha hizo hukuzikosa tu, umezitoa mfukoni.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, na ni zito. Mkandarasi wa wilayani anasema: nikiidai riba halmashauri, sitaiona kazi nyingine maisha yangu yote. Siwezi kulibeza. Katika wilaya yenye waajiri wa umma wachache, sifa ya kuwa msumbufu inasafiri haraka. Lakini pingamizi hili linachanganya mambo mawili: kuihesabu riba na kuidai. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia mwaka hadi mwaka kuzitaja taasisi zilizobebeshwa riba na faini kwa kuchelewa kuwalipa makandarasi. Kwa mkaguzi, riba ni fedha ya umma iliyotoka bila kununua hata tofali moja. Afisa masuuli hapendi kuulizwa swali hilo, na mweka hazina hapendi zaidi. Kwa hiyo barua fupi inayofika siku ya 21, kabla ya deni kuiva, ikikumbusha kwa adabu kwamba hati namba fulani itafikisha siku 28 tarehe fulani, haimgombezi mtu. Inampa mweka hazina sababu ya kuiweka hati yako juu ya nyingine. Siku ya 29 inafuata barua ya pili yenye hesabu ya riba kwa siku, bila maneno makali. Ukilipwa siku ya 40, unaweza kuamua kuisamehe riba hiyo kwa maandishi, na wote mtajua umesamehe shilingi ngapi. Asiyeihesabu hana hata cha kusamehe. Kuhusu kunyimwa kazi, zabuni sasa zinapita NeST, na ingawa hakuna mfumo usio na mwanya, anayekutenga kwa barua ya adabu iliyonukuu kifungu cha mkataba wake mwenyewe anajiweka pabaya kuliko zamani.

Pingamizi la pili linasemwa kwa sauti ya chini zaidi: fedha hazipo. Saa inaweza kutembea inavyotaka, barua zikajaa faili, Hazina ikiwa haijatuma fedha hakuna kitakacholipwa. Ni kweli kwamba halmashauri haiwezi kulipa fedha isiyokuwa nayo. Ila si kweli kwamba wote wasiolipwa wanakaa kwenye foleni moja. Madeni ya Serikali hulipwa baada ya kuhakikiwa, na mhakiki hana cha kuhakiki isipokuwa mkataba, vipimo vilivyosainiwa, hati na barua zenye tarehe. Majirani zetu wa Kenya wametupa somo la wazi. Mwaka 2023 waliunda kamati ya kuhakiki madeni ya wazabuni chini ya aliyekuwa mkaguzi mkuu wao, Edward Ouko, na madai mengi yaliangukia kwenye kukosa nyaraka. Mwaka 2025 nchi hiyo ilipoitumia sehemu ya tozo ya mafuta, shilingi 7 zao kwa lita, kupata shilingi bilioni 175 za Kenya za kuwalipa makandarasi wa barabara, hawakuangaliwa wenye kelele nyingi. Waliangaliwa wenye hati zilizokwisha kuthibitishwa. Ukame wa fedha una mwisho wake, na mvua ikinyesha wanaovuna ni wale ambao mbegu yao ilikuwa tayari ardhini.

Zaidi ya hapo, fedha zina chanzo na chanzo kina msimu wake, na hili linaweza kujulikana kabla ya kuomba kazi. Usikubali kuomba zabuni bila kujua italipwa na mfuko gani. Kazi ya matengenezo inayolipwa na Mfuko wa Barabara ina mkondo wa tozo ya mafuta. Mradi wa mfadhili una masharti yake na mara nyingi ratiba yake. Kazi inayolipwa na mapato ya ndani ya halmashauri ni habari nyingine kabisa, kwa sababu hapa kwetu mapato ya ndani yana harufu ya korosho, ufuta na mbaazi. Ushuru wa mazao unaingia baada ya minada. Mkandarasi anayepata mkataba wa mapato ya ndani mwezi Machi na kutegemea kulipwa Aprili analitegemea sanduku ambalo huenda limebaki na vumbi. Kazi hiyohiyo ikiwasilishiwa hati mwezi Novemba, minada ya korosho ikiendelea, ina nafasi nyingine. Hilo halimpi mwajiri ruhusa ya kuchelewa. Linakupa wewe namna ya kupanga lini uwe na deni kubwa na lini uwe na dogo.   

Kuna tarehe moja ambayo mkandarasi wa kazi za umma anapaswa kuiogopa kuliko tarehe ya kumaliza kazi, nayo ni 30 Juni. Mwaka wa fedha ukifungwa, fedha ambazo hazijatumika hurudi Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa kiwepo kibali cha kuzivusha, na hati yako ya tarehe 25 Juni inaweza kujikuta inaomba fedha ambayo imeshaondoka. Sasa ilinganishe kalenda hiyo na mawingu ya Lindi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinashika Desemba na kuachia Aprili. Mikataba inasainiwa baada ya Julai, mara nyingi ikichelewa hadi Septemba au Oktoba, mwezi ambao vibarua nao wanakimbilia kuokota korosho. Kinachobaki ni Mei na nusu ya Juni, ambapo kila mkandarasi anafanya kazi usiku na mchana na kila hati inatua kwenye meza moja ndani ya wiki mbili. Ushauri wangu ni kutoruhusu hati yako kubwa iwe ya Juni. Kubali kuongeza vibarua Septemba kwa gharama kidogo zaidi, chimba misingi na miminia makalavati kabla ya mvua, upime na udai Novemba. Kilichobaki kwa ajili ya Mei kiwe kidogo, na madai yake yafike masijala kabla ya katikati ya mwezi huo. Mwajiri akichelewa kukukabidhi saiti au kukupa malipo ya awali, andika barua siku hiyohiyo kuomba nyongeza ya muda, usije ukaadhibiwa kwa mwezi ambao si wewe uliyeupoteza.

Mpaka hapa nimesema na mwenye mkataba na Serikali. Aliye chini yake yuko mahali pabaya zaidi. Siku 28, riba, siku 84, vyote hivyo havimhusu. Halmashauri haina mkataba naye na haiwezi kumlipa hata ikimhurumia. Mkandarasi mkuu anamwambia, "Nikilipwa nitakulipa", na wote wawili wanaliona neno hilo kuwa la haki. Kwa maoni yangu ndilo neno la hatari kuliko yote kwenye saiti. Maana yake halisi ni kwamba mwenye tipa anaikopesha Serikali bila riba, bila karatasi na bila kumjua anayemkopesha. Nchi nyingine zimeliona jambo hili zikalitungia sheria. Marekani ina sheria ya malipo kwa wakati tangu mwaka 1982, na marekebisho ya 1988 yalimfikia aliye chini: taasisi ya serikali kuu inatakiwa kumlipa mkandarasi wa ujenzi ndani ya siku 14, naye akishapokea ana siku 7 za kumlipa mkandarasi mdogo. Uingereza mwaka 1996 ilikwenda mbali zaidi, ikabatilisha masharti ya "nikilipwa nitakulipa" katika mikataba ya ujenzi, isipokuwa pale mlipaji wa juu anapofilisika, na ikampa asiyelipwa haki ya kusimamisha kazi na ya kwenda kwa mwamuzi anayetakiwa kuamua ndani ya siku 28. Tanzania haina sheria ya namna hiyo inayosimama peke yake. Ningependa iwepo, na wabunge wa kusini wana kila sababu ya kuidai. Lakini wewe unamwaga kokoto kesho asubuhi, hivyo lazima ujitungie sheria yako kwenye makubaliano yako.

Makubaliano hayo yanaweza kukaa kwenye kurasa mbili. Kinachopimwa na bei yake kiwe wazi: kwa tripu, kwa mita, kwa kilo ya nondo. Nani anapima na lini, kwa mfano kila Jumamosi jioni, na kwamba daftari la vipimo linasainiwa na pande mbili. Halafu kifungu chenye uzito kuliko vyote: malipo yafanyike ndani ya siku saba tangu mkandarasi mkuu alipwe, au ndani ya siku 45 tangu vipimo kusainiwa, lolote litakalotangulia. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayoiua "nikilipwa nitakulipa", kwa kuwa yanaweka ukuta ambao deni haliwezi kuuvuka hata kama Hazina imelala. Weka pia haki ya kusimama kwa notisi ya siku chache. Omba kwamba utambulishwe kwa mwajiri kama mkandarasi msaidizi na ridhaa itolewe kwa maandishi, maana mikataba mingi inamkataza mkandarasi mkuu kugawa kazi bila ridhaa hiyo, na asiyetambulika hana hata mlango wa kulalamikia. Pale inapowezekana, omba mwajiri akubali kukulipa moja kwa moja sehemu yako na kuikata kwenye hati ya mkandarasi mkuu. Na kama mkandarasi mkuu amepokea malipo ya awali, uliza sehemu yako iko wapi. Yalitolewa kuanzisha kazi, nawe ndiye unayeianzisha.

Atakayesoma hapa atacheka kidogo. Nikimpelekea mkandarasi karatasi ya namna hiyo, atasema, atamwita mwenye tipa mwingine asiye na maswali. Hilo ni pingamizi la tatu na sina jibu linaloliua kabisa. Nina jibu linalolipunguza. Asiyeweza kupata kurasa mbili apate ukurasa mmoja, na asiyepata ukurasa apate ujumbe wa simu unaotaja kiasi, bei na tarehe, ujibiwe "sawa". Sheria yetu ya mikataba haikatai makubaliano ya mdomo kwa kazi kama hizi. Tatizo ni kuyathibitisha, na una miaka 6 ya kufungua shauri la madai ya mkataba, muda mrefu wa kutosha shahidi wako kuhama na kusahau. Kisha weka ukomo wa imani. Peleka tripu 10, dai. Ukilipwa peleka 20. Deni lisizidi kiasi ambacho ukikikosa kabisa bado tipa lako litakuwa na mafuta na matairi. Wenye tipa watatu au wanne wakikubaliana kuhusu ukomo huohuo, yule asiye na maswali anakuwa mgumu kupatikana. Wakulima hawakuunda vyama vya msingi kwa sababu walikuwa wanapendana sana.

Fundi anayeajiriwa na shule au zahanati kupitia utaratibu wa mafundi jamii yuko afadhali kidogo, kwa kuwa mkataba wake ni na taasisi ya umma yenyewe. Naye asikubali hatua za malipo zilizoandikwa kwa ujumla kama "kupaua". Iandikwe mbao zimefungwa, au bati zimepigwa, maana ugomvi wote unazaliwa kati ya hizo mbili.

Yakifika kooni, usisimamishe kazi kwa hasira. Mkandarasi anayeondoa mitambo bila notisi iliyo kwenye mkataba anageuka kutoka mdai kuwa mvunjaji, na faini ya kuchelewa inaanza kumla yeye. Fuata ngazi zilizoandikwa: notisi, mwamuzi aliyetajwa kwenye mkataba, kisha usuluhishi. Baraza la Taifa la Ujenzi limekuwa likishughulika na migogoro ya aina hii kwa miaka mingi, na afadhali kuwauliza mapema kuliko baada ya kuharibu. Mfuko wa Kusaidia Makandarasi ulio chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ulioanza mwaka 2002, unawadhamini wadogo katika dhamana za zabuni na za malipo ya awali. Kwa mkandarasi asiye na nyumba ya kuweka rehani benki, dhamana ya kupata malipo ya awali ndiyo dawa ya mapema kuliko zote, kwa sababu anayeanza kazi na fedha ya mwajiri haanzi na deni la duka. Mkopo wa benki kwa kutumia hati ambayo haijalipwa nao unawezekana, ila uhesabu riba yake dhidi ya ile ya mkataba kabla ya kusaini.

Upande wa waajiri nao una jambo ambalo haligharimu hata shilingi. Mhandisi na mweka hazina wanaweza kubandika kila mwezi kwenye ubao wa matangazo orodha ya hati zilizopokelewa, tarehe ya kupokelewa, tarehe ya kulipwa, na zilizolipwa ziwe zimefuata tarehe. Diwani asiyejua kusoma michoro ya kalavati anaweza kusoma safu mbili za tarehe. Orodha hiyo ingemfaa zaidi mwenye tipa: angejua siku ambayo mkandarasi wake amelipwa, badala ya kuisikia kwa watu wakati fedha imeshakwenda kununua kiwanja. Mpaka orodha hiyo ibandikwe, mwenye tipa ana njia moja iliyo mkononi mwake, nayo ni kuandika kwenye makubaliano kwamba mkandarasi mkuu atamwonyesha nakala ya kila hati ya malipo ndani ya siku tatu tangu itolewe. Mkandarasi mwaminifu haoni tabu kuisaini sentensi hiyo. Anayeikataa, mwambie mchanga wake atafute kwingine, kabla tipa halijawashwa.